Notisi Zilizofika Alhamisi: Kisa cha Mwanafunzi Asiyeona Katika Somo la Takwimu

Mwanafunzi anayezungumziwa hapa ameridhia kisa chake kiandikwe. Alisoma rasimu kwa kisoma skrini chake na kunisahihisha mahali pawili. Chuo, mwaka, jina la kozi na chochote ambacho kingemtambulisha yeye au mhadhiri wake vimeondolewa. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wawili katika ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, kwa hiyo makosa mengi yanayosimuliwa humu ni yangu pia.

Usuli

Mwanafunzi alianza kupoteza uwezo wa kuona akiwa sekondari. Kufikia mwaka wa pili wa chuo hakuweza tena kusoma maandishi kwa macho, hata yakikuzwa namna gani. Mwanga na kivuli anavitofautisha, herufi, hapana. Hakukulia kwenye breli, maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa kugusa. Nukta nundu alijifunza akiwa mkubwa, anazisoma polepole kwa kidole kimoja, na usomaji wake wa kila siku unategemea masikio. Sauti ya kisoma skrini ameiweka kwa kasi ambayo mimi nikiisikiliza nasikia kama mtama unaomwagwa juu ya bati. Yeye hapitwi na neno.

Kwa asiyefahamu, kisoma skrini ni programu inayotamka kilichopo kwenye kompyuta au simu, na mtumiaji huiongoza kwa vitufe au kwa kugusa. NVDA, iliyoanzishwa na Michael Curran wa Australia mwaka 2006, hutolewa bure. Simu za Android huwa na TalkBack, na iPhone imekuwa na VoiceOver tangu 2009. Nayataja haya mapema kwa sababu watu wengi hudhani kikwazo cha mwanafunzi asiyeona ni kukosa mashine. Huyu alikuja chuoni akiwa nayo tayari, na anaijua kuliko sisi.

Somo lenyewe lilikuwa takwimu za awali, la lazima kwa kozi yake. Kila Jumatatu kulikuwa na mhadhara, kila Jumatano saa ya mazoezi au jaribio, na Ijumaa maabara ya kompyuta. Somo limejaa vitu vitatu ambavyo kisoma skrini huviogopa: fomula, jedwali na grafu.

Upande wa sera hatukuwa na upungufu. Mwongozo wetu ulinukuu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24 inayohusu elimu, pamoja na ile dhana ya ibara ya 2 ya marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ambayo mtu mmoja anayahitaji ili atumie haki yake sawa na wengine, bila kumbebesha anayeyafanya mzigo uliopitiliza. Mhadhiri alikuwa mtu mwema. Mkuu wa idara aliidhinisha fedha siku ile ile alipoombwa. Nasema hivi ili msomaji asitafute mkorofi, humu hayumo.

Kilichotokea

Kikao cha kwanza kilifanyika wiki moja kabla ya muhula kuanza. Tulikuwa wanne mezani na mwanafunzi hakuwemo, kwa kuwa tulikuwa tukipanga bajeti, na tuliona bajeti si mambo ya kumsumbua nayo. Tuliamua kununua kompyuta mpakato mpya na kifaa cha breli cha kielektroniki, kile chenye safu ya nukta ndogo zinazopanda na kushuka chini ya vidole kufuata maandishi ya kwenye skrini. Chetu kilikuwa na nafasi 40 za herufi. Gharama yake ilizidi vitu vingine vyote tulivyonunua mwaka ule kwa pamoja. Tulipiga picha siku ya kukikabidhi.

Wiki ya pili notisi za mhadhara wa kwanza zilipandishwa kwenye mfumo wa masomo. Zilikuwa PDF. Mwanafunzi alifungua faili, kisoma skrini kikamwambia hati ni tupu. Kurasa zile zilikuwa picha: mhadhiri alichapisha notisi zake kwenye karatasi, akaongeza maelezo kwa kalamu pembeni, kisha akaziskani. Kwa macho zinapendeza kabisa. Kwa programu, picha ya maandishi ni kama picha ya mlima; hamna herufi ndani yake.

Tukazipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi. Aya za kawaida zilitoka vizuri, pengine kosa moja kwa ukurasa. Fomula zilitoka vichekesho. Kipeo cha pili kilishuka kikawa namba 2 ya kawaida, hivi kwamba x kwa mraba ikasomeka kama x mbili. Alama ya jumla, ile sigma kubwa, ikawa herufi E. Sigma ndogo ikawa o. Mstari wa mgawanyo ulipotea, cha juu kikakaa mstari mmoja na cha chini. Baya zaidi ni alama ya kutoa, ambayo mara nyingine ilipotea bila kuacha dalili. Neno lililokosewa msikilizaji hulihisi. Kosa la alama ya kutoa halihisiki. Namba hubadilika tu.

Ikabidi tuandike upya kwa mkono. Mwenzangu alichapa, mimi nikahakiki, fomula moja moja. Notisi za Jumatatu zilikamilika Alhamisi. Wiki iliyofuata, Alhamisi tena. Wiki ya nne zilikamilika Ijumaa, maana jedwali zilikuwa nyingi. Sisi tulijihesabu kuwa wachapakazi na kwa kweli tulichoka. Ila kila Jumatano mwanafunzi aliingia kwenye mazoezi akiwa na kile tu alichokikumbuka kwa kusikia darasani, na darasani mhadhiri alikuwa akiandika ubaoni huku akisema, "Hii tunaizidisha na hii, halafu hii ya chini inakuja huku." Jaribu kuandika hesabu kwa sentensi hiyo.

Wiki ya tano kulikuwa na jaribio la dakika 60. Mwanafunzi alipewa dakika 90, chumba cha peke yake na msomaji, mtu wa kumsomea maswali. Fomula zilitolewa kwenye karatasi ya maswali, hakuna aliyetakiwa kuzikariri. Swali la pili lilitaka varianzi, kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kuuzunguka wastani. Msomaji, ambaye hakuwa mtu wa hesabu, alisoma fomula kwa uaminifu kabisa kama alivyoiona: "Jumla ya x toa wastani, kipeo cha pili, gawanya kwa n toa moja."

Sentensi hiyo ina hesabu mbili ndani yake. Chukua namba 4, 7, 7 na 10. Wastani ni 7. Ukitoa wastani kwa kila namba unapata hasi 3, sifuri, sifuri na 3. Hesabu sahihi ni kupandisha kila tofauti kwenye mraba kwanza ndipo ujumlishe: 9 na 9 ni 18, gawanya kwa 3 (idadi ya namba, 4, toa moja), jibu 6. Lakini aliyesikia "jumla ya x toa wastani" halafu kituo, halafu "kipeo cha pili", ana haki ya kujumlisha kwanza. Na tofauti kutoka kwenye wastani, ukizijumlisha, hutoa sifuri siku zote, kwa data yoyote ile. Mraba wa sifuri ni sifuri. Jibu: sifuri.

Mwanafunzi alipata sifuri. Alijua ni upuuzi, kwa kuwa varianzi ya sifuri ina maana namba zote ni sawa na zake hazikuwa sawa. Alimwomba msomaji aeleze mabano yako wapi. Msomaji alikuwa ameelekezwa asome tu, asieleze chochote, naye akatii. Kwenye karatasi ya majibu mwanafunzi aliandika sifuri, kisha chini yake: "Data hizi haziwezi kuwa na varianzi sifuri. Naomba fomula isomwe tena na mtu anayeiona ilivyo." Notisi zenye fomula hiyo, zikiwa na mabano yake yote, zilimfikia kesho yake, Alhamisi.

Uamuzi, na sababu zake

Karatasi ile ndiyo iliyotukutanisha tena wiki ya sita, safari hii na mwenyewe akiwepo. Tulikuwa tumekuja na pendekezo: tununue programu bora zaidi ya kutambua maandishi, inayodaiwa kusoma hesabu. Alitusikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi siombi mashine nyingine. Naomba notisi za Jumatatu zifike Jumatatu."

Nilitoka na sentensi hiyo mfukoni. Kuanzia siku ile tulifungua daftari la safu mbili: tarehe ya mhadhara, na tarehe ambayo notisi zake zilimfikia katika hali anayoweza kuisoma. Tulilijaza kurudi nyuma hadi wiki ya pili. Pengo lilikuwa siku tatu, tatu, nne, tatu. Hakuna ripoti yetu yoyote iliyokuwa imeonyesha hili, kwa sababu ripoti zetu zilihesabu vifaa vilivyotolewa na kurasa zilizobadilishwa, na kwa hesabu hiyo tulikuwa tunafanya vizuri sana.

Tulipanga upya kwa kufuata mpangilio uliobuniwa na Joy Zabala, mtaalamu wa Marekani wa teknolojia saidizi, unaojulikana kwa kifupi SETT. Unauliza habari za mwanafunzi, za mazingira yake, za kazi anayotakiwa kuifanya, na za zana, zana zikiwa za mwisho. Sisi tulikuwa tumeanzia mkiani. Tulipofika kwenye swali la mazingira, mtu akauliza jambo ambalo lingeulizwa siku ya kwanza: notisi hizi mhadhiri anaziandika kwa kutumia nini?

Anaziandika kwa LaTeX. Wanahisabati wengi hufanya hivyo. Ni namna ya kuandika hesabu kwa maneno ya kawaida, ambapo kila kipeo, mgawanyo na bano hutajwa wazi katika faili. Maana yake ni kwamba ile hesabu iliyokamilika, isiyo na utata, ilikuwa kwenye kompyuta ya mhadhiri tangu mwanzo. Yeye alikuwa akiigeuza PDF, akiichapisha kwenye karatasi, akiiskani na kuituma. Nasi kwa siku tatu tulikuwa tukihangaika kuyarudisha maandishi aliyoyaua yeye mwenyewe kwa nusu saa, bila kujua. Hakuna aliyewahi kumwomba faili asili. Alishangaa kuliko sisi.

Alisita kidogo kutupa faili hizo, na sababu zake zilikuwa za msingi. Ndani yake kulikuwa na rasimu za maswali ya mtihani alizozificha kama maelezo yasiyochapishwa. Hatukubishana. Tulimwekea Pandoc, programu ya bure inayogeuza aina moja ya hati kuwa nyingine, na tukamwandikia amri ya mstari mmoja inayotoa ukurasa wa HTML, yaani ukurasa wa wavuti, ambamo hesabu imewekwa kwa MathML, lugha ya kuandikia hesabu kwenye kurasa hizo iliyopitishwa mwaka 1998 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Faili asili ikabaki kwake. Kinachotoka ndicho kinachotumwa, na maelezo yake ya kalamu akawa anayaongeza kwa kuchapa.

Faida ya MathML kwa asiyeona si kwamba inasomwa kwa sauti tu. NVDA ikiongezewa MathCAT, programu ya kusomea hesabu iliyo kazi ya Neil Soiffer, msomaji anaweza kuingia ndani ya fomula kwa vitufe vya mishale: asikie kwanza kwamba ni mgawanyo, ashuke asikie cha juu, aingie ndani ya mabano, arudi nje, aende cha chini. Yule anayeona hufanya hivyo hivyo kwa macho bila kujitambua. Fomula ya varianzi aliisikia upya wiki ya saba, akacheka peke yake maabara nzima ikageuka.

Na hapo ndipo kifaa cha breli kiliporudi. Tangu kukabidhiwa kilikuwa kabatini. Kwa kusoma aya kilikuwa kinamchelewesha, na alikuwa ameona aibu kutuambia baada ya zile picha. Lakini fomula si aya. Sauti hupita, na fomula ndefu inapofika mwisho mwanzo wake umeshafutika kichwani. Chini ya kidole haipiti popote. MathCAT hutoa breli ya hesabu pia, ukiwemo mfumo wa Nemeth uliotungwa na Abraham Nemeth, mwanahisabati ambaye mwenyewe alikuwa haoni. Mwanafunzi aliamua, bila kushauriwa na mtu, kujifunza alama za hesabu peke yake na kuachana na breli ya kusomea riwaya. Hadi muhula unaisha alikuwa anasoma fomula fupi kwa kidole; zile ndefu bado alizisikiliza.

Grafu zilitugawa. Mwenzangu alitaka kila grafu iandikiwe maelezo, na kwa notisi alikuwa sahihi. Kwa mtihani, maelezo huuza jibu. Swali likiwa ni "eleza uhusiano unaouona kwenye mchoro wa mtawanyo", ukimwandikia mwanafunzi kwamba nukta zinashuka kutoka kushoto kwenda kulia umemfanyia swali. Basi tuliamua kwa kazi, si kwa kanuni moja. Kwenye notisi, maelezo mafupi yanayotaja grafu inataka kuonyesha nini. Kwenye mazoezi, jedwali la namba zilizochora grafu. Kwenye mtihani, mchoro wa kugusa uliochapwa kwenye karatasi maalumu ambayo mistari yake myeusi huvimba ikipashwa joto, ukiambatana na jedwali. Mchoro wa kwanza tulioutoa ulikuwa mbovu: tuliacha gridi yote ya nyuma, na vidole havikuweza kutofautisha gridi na nukta. Alituambia, "Hapa nagusa wavu wa samaki." Wa pili ulikuwa na mihimili miwili na nukta tu.

Maabara ya Ijumaa ndiyo iliyozua ubishi mkali zaidi. Programu iliyotumika ni ya kubofya menyu, na vitufe vyake vingi havikupewa majina ndani, hivyo kisoma skrini kilitamka "kitufe, kitufe, kitufe". Mwanafunzi aliomba atumie R, programu ya takwimu ambamo mtu huandika amri na kupata jibu kwa maandishi. Idara ikahoji: je, hapo atakuwa amefanya mtihani ule ule? Swali hilo si la kubezwa. Tulilirudisha kwenye malengo ya somo, ambayo mhadhiri aliyasoma kwa sauti kikaoni: kuchagua kipimo kinachofaa, kukitekeleza na kufasiri matokeo. Kubofya hakumo. R ikaruhusiwa. Kuna pia BrailleR, nyongeza ya R iliyotungwa na Jonathan Godfrey wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, mtakwimu asiyeona. Ukiipa histogramu, grafu ya vibao, inakuandikia kwa maneno grafu ina vibao vingapi na kila kimoja kina hesabu gani. Inaonekana wazi kwamba ilitungwa na mtu aliyechoka kumsubiri mwingine amsomee grafu zake.

Kuhusu mitihani, msomaji aliondolewa. Karatasi ya maswali ilitolewa kwa HTML ile ile, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, akitumia vipokea sauti vya masikioni na kuandika majibu kwa mtindo wa LaTeX uliorahisishwa. Dakika 90 zilibaki, kwa kuwa kupita ndani ya fomula kwa mishale huchukua muda kuliko kuitupia jicho. Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho alifanya jaribio la bandia kwenye chumba kile kile na mashine ile ile. Siku hiyo tuligundua kwamba akaunti ya mtihani inazima nyongeza zote, MathCAT ikiwemo. Ingekuwa siku ya mtihani, sijui tungejificha wapi.

Matokeo

Kuanzia wiki ya nane daftari linaonyesha notisi zikifika siku ile ile ya mhadhara, isipokuwa mara mbili zilipofika Jumanne asubuhi. Zile mbili zilikuwa na jedwali zenye seli zilizounganishwa, ambazo Pandoc ilizivuruga. Michoro iliyochorwa ndani ya LaTeX haikuvuka kabisa, tuliishughulikia kwa mkono. Kazi ya ofisi ilipungua kutoka siku tatu kwa wiki hadi saa chache.

Jaribio la wiki ya tano lilirudiwa kwa swali lile moja. Mwanafunzi alifaulu somo, kwa alama za juu kidogo ya wastani wa darasa. Sitaki alama hizo zibebe zaidi ya uzito wake. Ni mtu mmoja, na ni mwanafunzi hodari ambaye pengine angefaulu hata kwa notisi za Alhamisi, kwa kuumia tu.

Kazi za kikundi hazikutengemaa. Wenzake waliwasiliana kwenye kundi la simu, wakitumiana picha za ubao na picha za skrini, na TalkBack ilimsomea "picha" kila mara. Rafiki mmoja alijitolea kumwandikia yaliyomo. Rafiki akaugua wiki moja, na wiki hiyo hakukuwa na mtu. Tulizungumza na kikundi, wakaahidi, wakajitahidi siku tatu, wakasahau. Hapo hatukuwa na amri ya mstari mmoja.

Uchambuzi

Utafiti wa Betsy Phillips na Hongxin Zhao wa mwaka 1993, uliowahoji watu wazima 227 wenye ulemavu, uliona kwamba asilimia 29.3 ya vifaa saidizi vilikuwa vimeachwa kabisa na wenyewe. Miongoni mwa mambo yaliyoendana na kuachwa huko ni maoni ya mtumiaji kutozingatiwa wakati wa kuchagua, na pia urahisi wa kupata kifaa. Hilo la pili hushangaza watu. Mimi halinishangazi tena. Fedha zetu zilipatikana kwa siku moja, na kasi hiyo ndiyo iliyotuondolea haja ya kumuuliza mtu swali. Tungenyimwa kifaa, tungelazimika kuandika kwa nini kinahitajika, na huenda tungemwita mwenyewe aeleze.

Hata hivyo sisemi kifaa kilikuwa kosa. Kilichokosewa ni kazi tuliyokipangia. Kilinunuliwa ili asome, kikafaa ili ashike fomula. Hatungeijua kazi hiyo ya pili kwenye kikao chochote. Aliigundua yeye, baada ya notisi kuwa na kitu cha kugusa. Nimesikia wenzangu wakitumia hadithi za vifaa vilivyolala kabatini kudai kwamba teknolojia ghali ni upotevu. Hapa ushahidi hauelekei huko. Unaelekea kwenye mpangilio: hati kwanza, kifaa baadaye, na kifaa kisihukumiwe wakati hati bado ni picha.

Msomaji wa mtihani anastahili kutetewa. Alitimiza alichoagizwa. Agizo la "soma tu, usieleze" limewekwa kulinda haki ya mtihani, na kwa swali la historia linafanya kazi. Kwa fomula halina maana, kwani kutaja mabano si kueleza. Mabano ni sehemu ya maandishi, anayeona ameyaona. Mwongozo wetu sasa unataka fomula isomwe pamoja na kila bano na kila mwanzo na mwisho wa mgawanyo, na msomaji wa karatasi ya hesabu awe amesoma hesabu.

Uamuzi ninaouona bora kuliko wote ni ule wa kutochukua faili asili. Ofisi nyingi za aina yetu hupenda kukusanya kazi zote mikononi mwao, ndivyo bajeti hutetewa. Mhadhiri alipotoa HTML mwenyewe, hatua ya ofisi iliondoka katikati, na ndiyo iliyokuwa inakula siku tatu. Nakiri haukutokana na busara yetu. Tulifika hapo kwa kukwepa ubishi juu ya rasimu za mitihani.

Daftari la safu mbili lilitugharimu dakika tano kwa wiki, na ndicho kitu pekee kutoka kisa hiki ambacho idara nyingine imekiiga bila kuombwa. Linafedhehesha. Nadhani ndiyo sababu linafanya kazi.

Na kuna udhaifu ambao daftari hilo hilo liliufichua muhula uliofuata. Kila tulichojenga kilisimama juu ya mhadhiri mmoja anayetumia LaTeX. Somo linalofuata lina mhadhiri mwingine, ambaye notisi zake huandika kwa kalamu, mwandiko mzuri wa zamani, na hajawahi kuzichapa maishani. Safari hii tuliuliza mapema faili asili iko wapi. Ni bunda la karatasi ndani ya bahasha. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wanalipwa kuzichapa kwa LaTeX kila Jumatatu jioni, na mwanafunzi wetu anazihakiki mwenyewe, kwa kuwa sasa anayakamata makosa ya fomula haraka kuliko mimi. Kwa sasa zinamfikia Jumanne usiku, saa chache kabla ya mazoezi.